Baba alirudi kutoka vitani, na vita vikaja naye

Msomaji, huenda unaijua nyumba ya namna hii. Upepo ukibamiza mlango, kila mtu hutazama upande mmoja, pale alipoketi baba. Akilala mchana, watoto hunong'ona. Mama amewaonya wasimwamshe kwa kumgusa, bali wasimame mlangoni na kumwita taratibu. Mwaka Mpya ukikaribia, nyumba nzima huhofia fataki. Wala hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa na watoto hao akawaeleza kwa nini.

Baba huyo ni askari, au alikuwa askari. Leo tutazungumza juu ya maradhi aliyorudi nayo, lakini zaidi juu ya mtoto anayekua kando yake. Mtoto huyo pia huumia, na aghalabu hakuna anayekumbuka kumpeleka kwa daktari.

Maradhi yenyewe

Tuyaite kiwewe cha vita. Si maradhi mapya. Mnamo 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika juu ya askari waliopoteza kumbukumbu na uwezo wa kuona vizuri baada ya makombora kulipuka karibu nao. Mwaka wa 1980, baada ya vita vya Vietnam, madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza rasmi katika orodha yao ya magonjwa.

Hapa kwetu, babu zetu wa KAR walipigana katika misitu ya Burma mwaka wa 1944. Aliyerudi akiwa mkimya, mlevi au mwenye kupiga mayowe usiku, jamii ilisema amerogwa au ana mashetani. Kisha Oktoba 2011 wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia. Kambi yao ya El Adde ilishambuliwa Januari 15, 2016, na ile ya Kulbiyow Januari 27, 2017. Watoto waliozaliwa miaka hiyo sasa wako shuleni, na baadhi yao wanaishi na baba ambaye hawamwelewi.

Ni vyema kusema mapema kwamba si kila askari hupatwa na kiwewe hiki. Wengi hurudi wakaendelea na maisha. Anayepatwa nacho si mwoga wala si dhaifu.

Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo iitwayo amigdala ambayo hufanya kazi ya king'ora. Ikihisi hatari, mwili humwaga adrenalini, moyo hupiga mbio na misuli hukaza. Vitani, king'ora hicho humwokoa askari. Tatizo ni kwamba kwa wengine hakizimiki wanapofika nyumbani. Pikipiki ikitoa mlio wa ghafla barabarani, mwili wake hujibu kana kwamba amefyatuliwa risasi.

Dalili ni za aina nne. Kwanza, matukio humrudia kwa jinamizi au kwa picha zinazomjia mchana akiwa macho. Pili, hukwepa chochote kinachomkumbusha: habari za redioni, sare, hata wenzake wa zamani. Tatu, moyo hufa ganzi. Hafurahii kitu, hujilaumu kwa kuwa hai ilhali wenzake walikufa, na hujitenga na jamaa. Nne, huwa macho wakati wote. Hulala kidogo, hukasirika upesi, na kanisani au katika matatu huketi karibu na mlango. Dalili hizi zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha yake, anahitaji matibabu.

Mtoto huelewa nini?

Mtoto asipoelezwa jambo, hujieleza mwenyewe, na jibu analolipata kwa kawaida ni baya kuliko ukweli. Chukua mfano wa msichana wa miaka 9 anayelalamika tumbo kila asubuhi ya shule. Amepimwa minyoo, amepimwa taifodi, na hakuna kilichoonekana. Akiulizwa taratibu, mama yake akiwa nje ya chumba, husema kwamba akienda shuleni baba anaweza kukasirika na yeye hatakuwapo kumtuliza. Kisha huongeza kwamba baba alianza kuwa hivyo siku alipoangusha sufuria. Kwa maoni yake, yeye ndiye aliyemharibu baba yake.

Ishara hutofautiana kwa umri. Mtoto mdogo huweza kurudia kukojoa kitandani au kumng'ang'ania mama. Wa shule ya msingi huumwa kichwa au tumbo, na alama zake hushuka. Kijana huchelewa kurudi nyumbani, hupigana, au huanza pombe na bangi.

Aidha, watoto wa nyumba moja huenda wakachukua njia tofauti. Mmoja hugeuka mzazi: hupika, hulea wadogo zake na kuchunga hasira za baba. Wa pili hujifunga, asicheke wala asilie. Wa tatu huiga; hushtuka kama baba na huota vita ambavyo hakuvipigana. Yule wa kwanza ndiye tunayemsifu kuwa na adabu, na kwa sababu hiyo hatuoni kwamba ameelemewa.

Mweleze mtoto

Mama, shangazi, babu, au baba mwenyewe akiweza, hiyo ndiyo dawa ya kwanza, na haina gharama. Wengi huogopa kwamba kumweleza mtoto ni kumtia hofu. Hofu tayari anayo. Asichokuwa nacho ni maana yake. Msemo wa wazee, mficha maradhi kifo humuumbua, unahusu nyumba hii pia.

Mtoto wa miaka sita au saba aweza kuambiwa hivi: "Baba alipokuwa kazini aliona mambo ya kutisha sana. Kichwa chake bado hakijaamini kwamba hatari imekwisha. Akishtuka au akikasirika, si wewe uliyemkosea. Wala si kazi yako kumponya. Sisi watu wazima tunamtafutia matibabu." Usimsimulie damu na maiti. Kijana aweza kuambiwa zaidi, pamoja na jina la ugonjwa wenyewe. Halafu mpe nafasi ya kuuliza, leo na siku nyingine.

Pili, mambo ya kila siku yasibadilike ovyo: saa ya kula, ya kulala, ya kucheza. Mwalimu mmoja anayeaminika ajulishwe. Mtoto anayelea wenzake apunguziwe mzigo ili naye awe mtoto.

Tatu, usalama. Ugonjwa hueleza hasira, lakini hauhalalishi kipigo. Palipo na kupigwa, au silaha ndani ya nyumba, mama na watoto waondoke kwanza, mazungumzo yafuate. Simu ya watoto ni 116, na ya wanaodhulumiwa nyumbani ni 1195. Zote ni za bure. Baba akisema afadhali afe, usimwache peke yake. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Baba naye hutibika

Tiba iliyothibitishwa zaidi ni ya mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, kwa kawaida vikao 8 hadi 16, ambamo mgonjwa huongozwa kulikabili tukio kidogo kidogo mpaka lipoteze makali. Tembe kama sertralini pia husaidia. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na zisiachwe ghafla bila ushauri wa daktari. Tembe za usingizi kama diazepamu haziponyi kiwewe, na mtu huzizoea upesi. Pombe humlaza kwa saa chache, kisha jinamizi hurudi na nguvu zaidi.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu au kliniki ya akili ya hospitali ya kaunti. Hospitali za Mathari jijini Nairobi na Moi mjini Eldoret zina wataalamu. Aliye bado kazini aulize hospitali ya jeshi. Akikataa kwenda kwa sababu ya "akili", mwambie aende kwa sababu ya usingizi. Wengi hukubali kupitia mlango huo.

Kwako uliyekwisha kukua

Huenda wewe msomaji una miaka 30 au 50, na baba unayemsoma hapa ni wako. Huenda bado hushtuka mtu akipaza sauti, au huwezi kupumzika mpaka ujue kila mtu nyumbani ana furaha. Si tabia mbaya; ni mazoea uliyojifunza utotoni ili uishi salama, nayo yaweza kubadilishwa kwa msaada wa mshauri. Kuelewa kwamba baba alikuwa mgonjwa hakukulazimishi kusema kwamba hukuumia. Yote mawili ni kweli.

Na kama una watoto wako, waeleze habari za babu yao. Wamekwisha kuona kwamba hapendi fataki. Wanangoja tu mtu awaambie sababu.