Somo kwa Vikundi: Mfuko Mdogo Nyuma ya Kiti cha Baiskeli



Somo hili ni la kila kikundi chenye baiskeli, iwe ni ya kikundi au ya mwanachama. Mwenye kuongoza asome hadithi polepole, kisha awape watu nafasi ya kuongea kabla ya kuendelea.

HADITHI YA KUANZIA

Asubuhi moja tulikuwa tukienda kwa miguu kutembelea kikundi cha kina mama wanaouza maziwa pamoja. Njiani tulimkuta kijana wanayemtuma kupeleka maziwa. Alikuwa ameketi kando ya barabara, na baiskeli yake, ile nzito nyeusi tunayoiita Black Mamba, ameiegemeza kwenye mti. Mitungi miwili ya lita 20 ilikuwa bado imefungwa kwenye keria. Tairi la nyuma lilikuwa limepata panchari.

Tulimuuliza, "Huna kiraka?"

Akajibu, "Viraka viko nyumbani, gundi iko kwa jirani, na pampu huwa tunaazimana."

Basi tukasukuma pamoja naye. Tulifika kituo cha maziwa jua likiwa juu sana. Mpokeaji alipima, akatikisa kichwa. "Pole, kijana wangu, haya yameanza kuchacha." Lita 40 zikarudi zilikotoka.

Jambo lililotushangaza ni hili. Baiskeli ile haikuwa imesahauliwa. Kwenye usukani kulikuwa na maua ya plastiki na vioo viwili, fremu imezungushiwa riboni za rangi tatu, na nyuma ya madigadi kuna kipande cha mpira chenye jina la kijana kwa rangi nyeupe. Ilikuwa imepambwa kuliko nyingi. Ila haikuwa na mahali pa kuweka kiraka.

Tulipofika kwa kina mama, mmoja alituuliza, "Sasa hasara hii ni ya nani? Ya kijana ama yetu?"

Maswali ya kujadili
1. Mambo kama haya hutokea kwetu? Yalitokea lini mara ya mwisho?
2. Kwa nini kijana alikuwa na maua lakini hakuwa na gundi?
3. Tungemjibu vipi yule mama?

KUPAMBA SI KOSA

Wengine hucheka waonapo baiskeli yenye maua. Sisi hatucheki. Mtu hupamba kitu anachokipenda, na kitu kinachopendwa hupanguswa, hutiwa mafuta na hufungiwa ndani usiku.

Tena tukumbuke kwamba baiskeli zetu zimebadilishwa na mikono ya watu wetu wenyewe. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 na 1970, waendesha baiskeli waliweka kiti cha sponji juu ya keria wakaanza kubeba abiria. Hapo ndipo jina la boda boda lilipotoka. Siku hizi pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini katika vijiji vingi baiskeli bado inabeba maji, maziwa, mahindi na mgonjwa. Kwa hivyo ni haki yetu kuitengeneza ifae kazi yetu. Swali ni moja tu: tunaanza na lipi?

KUSHONA MFUKO WA VIFAA

Kiti cha baiskeli nzito kina springi mbili nyuma. Hapo ndipo mfuko wetu unaning'inia. Hauhitaji fundi wa mjini.

Tafuta: kipande cha turubai au tyubu kuukuu ya gari, sindano ya kushonea magunia, uzi wa nailoni, na makasi au kisu kikali.

1. Kata kipande cha urefu wa sentimita 45 na upana wa sentimita 20. Kama ni tyubu, ioshe kwanza kwa sabuni na uikaushe.
2. Kunja sentimita 17 kutoka upande mmoja. Sasa una mfuko wa kina cha sentimita 17, na juu umebaki mfuniko wa sentimita 11.
3. Shona pande mbili. Pitisha uzi mara mbili, maana barabara zetu zinatikisa.
4. Shona vitanzi viwili vya mkanda nyuma ya mfuko, upande wa juu, ili vipite kwenye springi za kiti.
5. Shona kitanzi cha tatu chini, kizunguke ile paipu inayoshika kiti. Kitanzi hiki wengi hukisahau. Bila hicho mfuko unabembea, unagonga, na baada ya muda mfupi unakatika.
6. Mfuniko ufungwe kwa kamba na kifungo kikubwa, mvua isiingie.

Ndani ya mfuko weka:
- vipande vya tyubu vya kubandika, na msasa
- gundi ya viraka, kifuniko kimekazwa
- vyuma viwili vya kutolea tairi
- spana bapa yenye matundu ya nati zote za baiskeli hiyo
- kimpira cha valvu cha akiba
- kitambaa cha kupangusia mikono

Usidharau kimpira cha valvu. Ni kidogo sana na bei yake ni ndogo, lakini kikipasuka upepo wote unatoka, hata kama tyubu ni mpya. Kumbuka pia kwamba kubandika kiraka si lazima kutoa gurudumu zima. Ukiinua tairi upande mmoja kwa vile vyuma viwili, unaivuta tyubu nje, unatafuta tundu, unasugua kwa msasa, unapaka gundi, unangoja ikauke kidogo, ndipo unabandika. Mwenye haraka ya kubandika gundi ikiwa bado mbichi atabandika mara mbili.

Pampu ina nafasi yake kwenye fremu. Ifunge kwa kamba ya mpira isianguke, na ukifika sokoni ishuke nayo. Pesa na daftari la kikundi visiwekwe kamwe katika mfuko huu. Hivyo ni vya kubebwa mwilini.

MIZIGO MINGINE

Kila mzigo uwe chini na katikati kadiri iwezekanavyo. Mfuko mzito kwenye usukani unafanya baiskeli iwe ngumu kugeuza. Ukiwa na karatasi, dawa au chakula cha njiani, shona mfuko mwembamba wa kufunga ndani ya pembetatu ya fremu, lakini usiwe mnene hata ukagusa magoti.

Mitungi ya pembeni ilingane uzito. Lita 20 za maziwa zina uzito unaozidi kilo 20. Kubeba mtungi mmoja upande mmoja ni kutafuta kuanguka. Kati ya mzigo na spoki weka ubao mwembamba, na ncha za kamba zote zifungwe ndani. Abebwapo mtoto, miguu yake iwe na mahali pa kukanyaga, mbali na spoki.

MAPAMBO YANAYOSAIDIA

Kipande cha mpira nyuma ya madigadi kinazuia matope kurukia mzigo na anayefuata. Rangi nyeupe au kiakisi mwanga, chekundu nyuma na cheupe mbele, vinaonekana na dereva usiku. Kifuniko cha kiti kinazuia mvua. Zamani wengi walivisha kiti mfuko wa plastiki, lakini tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya. Hiyo ni nafasi kwa kina mama wenye cherehani: vifuniko vya vitambaa vilivyobaki, kila mmoja na rangi zake.

Mapambo mengine yanadhuru. Riboni ndefu zinaingia kwenye cheni. Maua yakikaa karibu na vyuma vya breki, breki haishiki. Kitambaa kilichozungushwa kwenye fremu kinaweka maji, na chini yake kutu inakula polepole bila wewe kuona. Tena usipake rangi juu ya namba iliyogongwa kwenye fremu. Itafute karibu na kiti au chini ya pedali, uiandike katika daftari la kikundi. Baiskeli ikiibwa, namba hiyo ndiyo shahidi wenu.

JINA LA NANI?

Turudi kwa kina mama wetu. Baiskeli ile ilikuwa mali ya kikundi, lakini jina lililoandikwa lilikuwa la kijana. Wengine walikuwa wamenung'unika kwa muda mrefu kwamba ameifanya yake. Kijana naye alisema kwa upole, "Nikitumia pesa yangu kununua gundi, nani atanirudishia? Ndiyo maana nilinunua maua. Hayo ni yangu."

Kukawa kimya. Hapo tukaona kwamba ugonjwa haukuwa kwenye tairi. Hakuna aliyewahi kuamua nani anunue nini.

Wakakubaliana hivi: vifaa vya mfukoni vinanunuliwa na kikundi, mwendeshaji anavikagua kila asubuhi kabla ya kutoka, na kinachokwisha kinaandikwa siku hiyo hiyo. Kipande cha nyuma kikaandikwa jina la kikundi. Kifuniko cha kiti na kengele vikaachwa kwa kijana apambe apendavyo. Hasara ya lita 40 wakaigawa wote, yeye akiwamo.

TAFAKARI

Someni Mathayo 25:1-13, habari za wanawali kumi. Wote kumi walikuwa na taa. Tofauti ilikuwa nini? Je, taa yetu ni nini, na mafuta yetu ya akiba ni yapi?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

1. Zidisheni lita 40 kwa bei mnayolipwa leo. Linganisheni na bei ya gundi, msasa na kimpira cha valvu katika duka la karibu.
2. Shoneni mfuko mmoja wa mfano. Upimeni kwenye barabara mbovu, si uwanjani.
3. Andikeni katika daftari: nani ananunua, nani anakagua, na hasara ikija, inagawanywa vipi.

Hilo la tatu lifanyeni tairi likiwa bado lina upepo.