Amana ya Kitambaa: Fundi na Mteja Wake

Darsa ya leo yahusu kitambaa apewacho fundi ashone, jambo tulionalo dogo, nalo kwa sharia si dogo.

Huko Majengo ya Pumwani, Nairobi, ambako Waislamu wamekaa tangu miaka ya 1920, na katika soko la Gikomba lililo jirani, mafundi wa cherehani ni wengi. Soko hilo limeungua mara kwa mara. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Basi kitambaa cha mteja kikiungua kibandani, nani alipe?

Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho sana pwani kwetu, ameipa nguvu kauli ya kuwa fundi halipi, maadamu hakupuuza. Mkono wake ni mkono wa amana. Wako maulamaa wengine waliowalipisha mafundi ili mali za watu zihifadhike. Lakini hata kwa kauli ya kwanza fundi asijione amesalimika. Mwenye mali akitaka chake, naye akakizuia bila udhuru, amana imegeuka dhamana. Yule asemaye "njoo kesho" mwezi mzima, na kitambaa kimekunjwa vile vile chini ya meza, na ajiulize moto ukija atakuwa upande gani.

Ugomvi ulio mwingi zaidi, khasa Idi ikikaribia, ni huu: mteja asema aliagiza kanzu, fundi asema aliambiwa joho. Nawawi amelitaja jambo hili hili miaka zaidi ya 700 iliyopita: mwenye kitambaa ndiye asadikiwaye kwa kiapo chake; fundi hana ujira, na upungufu wa kitambaa ni juu yake. Ni hukumu kali kweli, ila mali ni ya mtu, na yeye ndiye ajuaye aliruhusu nini.

Dawa yake twaipata tukiizingatia Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyoamrisha madeni yaandikwe. Fundi na awe na daftari: vipimo, mshono, bei, siku ya kuchukua, mteja asomewe kabla mkasi haujagusa nguo. Wengine huona haya kuandikiana na mtu wa msikiti mmoja, wakidhani ni kumtuhumu. Sisi twaona kinyume: wanaojuana wakigombana hupoteza nguo na salamu pia. Na mteja, siku iliyoandikwa ikifika, aje na ujira mkononi, maana asipolipa fundi ana udhuru wa kukizuia.

Darsa ijayo, inshallah, ni ya seremala apokeaye arbuni.