Kuficha Jina na Alama Katika Insha za Ukutani

Kila mwalimu mwanafunzi hutakiwa kubandika kazi za watoto ukutani wakati wa mazoezi ya kufundisha. Kwa kawaida insha hubandikwa zikiwa na jina, tarehe na alama kwa wino mwekundu. Maelezo hayo madogo ndiyo yasomwayo kwanza, na mara nyingi ndiyo pekee yasomwayo. Mtoto akishaona 3/10 kando ya jina la mwenzake, haoni haja ya kusoma insha. Amekwisha pata cha kuchekea.

Wala si watoto tu. Mwaka 1929 I. A. Richards, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alitoa kitabu kiitwacho Practical Criticism. Humo alichambua maoni ya wasomaji, wengi wao wanafunzi, waliopewa mashairi 13 bila kuambiwa watunzi wake. Shairi la Longfellow, Mmarekani mwenye sifa kubwa, lilikataliwa na wengi. Wasomaji walilazimika kusema yale waliyoyaona wenyewe, na udhaifu wa usomaji wao ukajitokeza wazi. Ikiwa hali ni hiyo kwa wasomi, sembuse mtoto wa Darasa la Nne!

Basi karatasi yenyewe na ipangwe upya. Juu paandikwe kichwa cha insha na namba tu. Jina, tarehe na alama viandikwe chini, katika nafasi ya sentimeta 4 hivi, kisha sehemu hiyo ikunjwe nyuma kabla ya kubandikwa. Orodha ya namba abaki nayo mwalimu. Isikatwe kwa mkasi wala kupakwa wino, kwani mtoto ana haki ya kuikunjua baadaye na kusema kazi hii ni yangu.

Mwandiko ni tatizo kubwa zaidi ya jina. Watoto waliokaa pamoja miaka 3 hutambuana kwa herufi moja. Kwa hiyo insha itakayojadiliwa na darasa zima heri mwalimu ainakili ubaoni kwa mkono wake, bila kuisahihisha. Hata hivyo, insha isemayo baba yangu ni fundi wa baiskeli itajitangaza yenyewe. Hiyo isichaguliwe kwa mjadala.

Tarehe haihitaji kufichwa daima. Habari ya mafuriko bila tarehe haimfai msomaji. Hapo irudishwe juu. Lakini katika hadithi ya kubuni tarehe huonyesha tu nani alichelewa kuleta kazi. Alama, kwa maoni yangu, zisibandikwe kamwe: ni mazungumzo ya mwalimu, mtoto na mzazi wake.

Wakati wa mjadala mwalimu aulize, “Ni sentensi ipi iliyokufanya upaone mahali hapo?” Darasa likianza kubahatisha jina, asikubali wala asikatae, aendelee na namba inayofuata.