Wicklow kwa miguu: tuchukue kiongozi?

Swali: Mimi na mume wangu tuna siku saba za kutembea mashambani Ireland mwezi Juni. Je, kiongozi ni lazima?

Jibu: Si lazima, dada, lakini kwa safari ya kwanza mimi ningemchukua. Njia ya Wicklow Way, kilomita 130 hivi kutoka Dublin hadi Clonegal, ina nguzo zenye mshale wa njano. Shida ni ukungu wa mlimani: hushuka ghafla ukaificha hata nguzo iliyo mbele yako. Tena kiongozi mzuri atawaketisha Glendalough, chini ya mnara wa mawe wa mita 30 hivi, awasimulie habari za watawa walioujenga. Juni mwanga hubaki hadi karibu saa nne usiku, kwa hiyo msikimbizane. Viatu vizoeeni mapema. Vipya vitawachubua visigino siku ya kwanza tu.