KUPIGA PICHA YA JUA LINAPOPATWA

Wasomaji wetu wengi wana hamu ya kuliona jua linapopatwa, na kwa kuwa simu zenye kamera zimeenea hata vijijini, wengi watapenda kulipiga picha pia. Hamu hiyo ni njema, wala hatuwakatazi. Lakini jambo hili lina hatari, nasi twapenda kulieleza kwa taratibu, ili waalimu na wazee wa vijiji wapate kuwaonya watoto mapema, si baada ya msiba.

Jua hupatwa kwa sababu mwezi, katika mwendo wake, hupita kati ya dunia na jua. Mara nyingine hulifunika jua lote, mchana ukawa kama magharibi. Ndivyo ilivyokuwa Pakwach, Uganda, tarehe 3 Novemba 2013, kwa sekunde chache tu. Mara nyingine mwezi huwa mbali kidogo na dunia, ukaonekana mdogo kuliko jua, na kandokando yake ikabaki pete ya moto. Ndivyo walivyoona watu wa Rujewa, Tanzania, tarehe 1 Septemba 2016. Na mara nyingi zaidi jua humegwa upande mmoja tu, kama mkate ulioumwa.

Sasa hatari yenyewe. Mtoto aliyechezea kioo cha kukuzia ajua kwamba kikielekezwa juani huikusanya nuru mahali pamoja hata karatasi ikaungua. Jicho lina lenzi yake, na kamera ina yake, nazo hufanya kazi ile ile. Nuru ya jua hukusanywa juu ya utando ulio nyuma ya jicho, na utando huo hauna hisi ya maumivu. Kwa hiyo mtu huungua asijue, hata baada ya saa kadhaa aone doa katikati ya kila atazamacho. Huyo aweza kuuona ukuta wa nyumba, asiweze kusoma barua. Wala asidhani mtu kuwa jua lililomegwa ni salama; kipande chembamba kilichobaki chaunguza vile vile, tena hatari yazidi, kwa kuwa mwangaza umepungua na watu hulikazia macho bila kufumba.

Kinga yake ni kichujio cha jua, kipitishacho kiasi cha sehemu moja tu katika 100,000 ya nuru. Kanuni zake ni tatu.

Kwanza, kifungwe mbele ya lenzi, upande uelekeao jua, kabla kamera haijainuliwa. Kisiwekwe nyuma, kati ya kamera na jicho, maana nuru iliyokwisha kukusanywa na lenzi yaweza kukiunguza kichujio na kisha jicho. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyevaa miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua asichungulie katika kamera au darubini isiyo na kichujio chake.

Pili, kikaguliwe. Tundu dogo kama la sindano latosha kukifanya kisifae. Miwani ya jua ya kawaida, kioo kilichopakwa masizi, filamu ya eksirei na beseni la maji, vyote havifai. Kioo cha mafundi wa kuchomelea vyuma chafaa kikiwa cha namba 14.

Tatu, kisiondolewe maadamu kipande chochote cha jua chaonekana. Ni pale tu jua lifunikwapo lote ndipo huondolewa, nacho hurudishwa kabla jua halijachungulia tena. Pale Rujewa hapakuwa na nafasi hata moja ya kukiondoa, kwa kuwa pete ile ilikuwa jua lenyewe.

Mwenye kamera aisimamishe juu ya miguu mitatu, isitikisike. Lenzi ndefu ya milimita 500 hulichora jua kwa upana wa milimita 4 na nusu hivi, lakini ya milimita 50 hulifanya nukta tu. Naye afanye majaribio siku moja kabla, kichujio kikiwa mahali pake. Kipimo cha mwanga kilichofaa kwa jua zima kitafaa pia litakapoanza kumegwa.

Asiye na kichujio hakukosa picha. Na asimame chini ya mwembe, alipe jua kisogo, atazame ardhini. Kila nafasi ndogo kati ya majani hutupa chini sura ya jua, na jua likimegwa, sura zile zote huwa kama miezi michanga. Darasani, karatasi ngumu iliyotobolewa tundu dogo hufanya vivyo hivyo juu ya karatasi nyeupe. Picha ya sura hizo yapigwa kwa simu yoyote bila hatari. Ila mtu asichungulie jua katika tundu lile.

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, ni siku ya kupatwa tena. Huko Luxor, Misri, jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika 6; lakini Kenya na Tanzania litamegwa tu. Basi picha zitakazotoka Misri zisitudanganye: kwetu siku hiyo kichujio hakiondolewi hata mara moja. Waalimu wakilifundisha hili mapema, hapatakuwa na haja ya kuwafungia watoto ndani.