INVETA IKIZIMA, USIIKASIRIKIE



Kikundi kimoja nilichotembelea kilinunua sola, betri na inveta kwa michango ya wanachama. Walianza na kinyozi na kuchaji simu, kazi ikaenda vizuri. Baadaye wakaongeza friji ya soda. Kila friji ilipoanza kunguruma, inveta ililia na kuzima. Kijana mmoja akasema shida ni fyuzi ya betri. Akaitoa, akaunganisha kwa kipande cha waya. Inveta iliendelea kuzima vile vile. Halafu siku moja waya za betri zikagusana, zikashika moto. Ni neema tu kwamba watu walikuwa karibu.

Kosa lilikuwa wapi? Tujifunze pamoja.

Inveta hujilinda yenyewe. Kazi yake ni kugeuza stima ya betri ya volti 12 kuwa ya volti 240. Mota ya friji au pampu, wakati wa kuanza, huweza kuvuta mkondo mara 5 hadi 7 kuliko kawaida. Friji ya wati 100 basi yaweza kutaka wati 500 au zaidi kwa muda mfupi. Ndani ya inveta mna vipande vidogo vinavyowasha na kuzima stima haraka sana. Mkondo ukizidi, vinaweza kuungua kabla fyuzi haijakatika. Kwa hiyo inveta hupima mkondo kila wakati, huupunguza, na ukizidi mno huzima.

Fyuzi hulinda waya. Inveta ya wati 600 huvuta kwa betri ya volti 12 zaidi ya ampea 50 (600 ÷ 12 = 50). Lakini waya za betri zikigusana, betri hutoa mamia ya ampea, na inveta haiwezi kuzuia. Hapo mlinzi ni fyuzi peke yake. Inveta na fyuzi ni walinzi wawili, kila mmoja na lango lake.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kununua chombo chenye mota, muulize fundi kinataka wati ngapi kikianza, si kikiwa kimeshazoea kazi.
2. Washa chenye mota kwanza, kikiwa peke yake. Vingine vifuate.
3. Inveta ikilia, chomoa kitu kimoja. Usiwashe na kuzima mara kwa mara.
4. Fyuzi ikae karibu na betri, ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu cha inveta. Usiweke waya wala msumari kamwe.

Mali ya kikundi ni jasho la wengi, na sisi ni mawakili tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili

- Vyombo vyetu vyote vinakula wati ngapi pamoja?
- Nani kati yetu ameiona fyuzi yetu kwa macho yake?