Pumu ya Watoto: Tumkinge Mtoto Tangu Tumboni

Mwezi huu tunazungumzia pumu. Hapa Mbozi Mission, baridi inapozidi katika miezi ya Juni na Julai, akina mama hutuletea watoto wanaobanwa kifua usiku. Wengi huuliza, "Muuguzi, mtoto wangu ameupata wapi ugonjwa huu?" Wengine hudhani amerogwa, wengine hudhani ameambukizwa na mwenzake. Yote mawili si kweli.

Pumu ni nini?

Ni ugonjwa wa mirija inayopitisha hewa kwenye mapafu. Mirija hiyo huvimba kwa ndani, hujikaza na kujaa makohozi. Hewa hupita kwa shida na kifua hutoa sauti kama filimbi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo.

Ni watoto gani walio hatarini zaidi?

1. Mtoto ambaye baba au mama yake ana pumu. Hali hii hurithiwa, lakini si kila mtoto wa mzazi mwenye pumu ataugua.

2. Mtoto aliyevutishwa moshi wa sigara, akiwa tumboni au baada ya kuzaliwa. Mama mjamzito asivute, na baba asivute ndani ya nyumba.

3. Njiti na mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Mapafu yake hayakukomaa vizuri. Malaria na upungufu wa damu kwa mjamzito huchangia hali hii. Kwa hiyo mama awahi kliniki, alale ndani ya chandarua na ale vizuri.

4. Mtoto aliyeugua kifua kikali mara nyingi katika miaka yake ya kwanza. Maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, pamoja na chanjo zote, humpunguzia maradhi ya kifua.

5. Mtoto aliyezaliwa mjini. Wataalamu waliochunguza wanafunzi huko Uganda walitangaza mwaka 2019 kwamba waliozaliwa kijijini walikuwa na pumu kidogo kuliko waliozaliwa katika mji mdogo, na waliozaliwa katika jiji kubwa walizidi wote. Jambo hili latuhusu sisi ambao watoto wetu wengi sasa wanazaliwa Tunduma na Vwawa.

Na moshi wa jikoni je?

Wa kijijini tusijisifu. Moshi wa kuni mbichi, mabua na magunzi huwasha mirija ya mtoto, humletea nimonia, na huamsha pumu kwa aliye nayo. Baridi ikizidi, tunafunga mlango na dirisha na kukaa na mtoto mgongoni kando ya mafiga. Tufanye hivi: tupike kwa kuni kavu, tutoboe tundu la kutolea moshi, na mtoto tumwache chumba kingine na mtu wa kumwangalia. Kumkinga na baridi, tumvike nguo nzito.

Dalili za hatari

Mpeleke mtoto hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya: mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, anashindwa kunyonya au kuongea, midomo inageuka rangi ya bluu, au amelegea.

Akipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, msiiogope. Wazazi wengine husema mtoto "ataizoea" na kushindwa kuishi bila hiyo. Sivyo. Dawa hiyo huenda moja kwa moja kwenye mirija, na kiasi chake ni kidogo kuliko cha vidonge. Na aliyepewa dawa ya kila siku asiiache kwa sababu tu amepata nafuu.

Akina baba, ujumbe huu ni wenu pia. Kutoboa ukuta wa jiko ni kazi ya siku moja, nayo itamsaidia mtoto kupumua vizuri.